Pale Gitari Inapandaka

10/9, kazi moja, mwanzo ya wiki

Madame Joséphine-Marie, mwalimu wetu wa alfabetizasio, masomo ya kusoma na kuandika ku parwasi, ametupatia kila mama kaye moja na biki moja. Amesema tuandike kila siku, ata mustari moja, mupaka maharagi ivunwe. Amesema hatasoma, atahesabu tu ma page. Basi, mimi njo Mukandori, mama ya Emérita, wa hapa Burungu. Kuandika nilijua kidogo mupaka muaka ya pili ya primaire, pale baba alinitosha ku masomo juu ya kuchunga ngombe. Lakini kusema, masomo ya kusema sikuiachaka. Batu banasemaka, kama unataka habari ifike Kitchanga mbele ya moto, ambia Mukandori. Mi nafurahi. Kila muntu iko na kazi yake.

12/9

Tumepanda maharagi. Mvua ya kwanza imenyesha juu ya mugongo yetu.

13/9

Mvua.

15/9, siku ya posho

Soko ilikuwa muzuri. Nilisimama pa butike ya Kasoki mupaka miguu ikaniuma. Huyu Kasoki ni Munande wa Butembo, mama moja wa sura ya kung'aa, anauzisha chumvi, sabuni, mafuta na misumari. Bwana yake Valentin anaendeshaka Fuso, anapeleka bintu kule Walikale, ku Omate, kwenye banachimbaka zahabu, anarudi kisha wiki mbili, ao tatu kama njia imekatika. Kila siku saa kumi Kasoki anawasha grupe, mashini ya umeme, batu banasharje masimu, na bafle mbili kubwa zinaimba.

Shida njo miziki ya Valentin. Sisi tunapenda rumba, tunapenda nyimbo za Mungu. Valentin iko napenda kelele ya bazungu ba nywele murefu. Magitari sawa mashini ya kupasula mbao, na muntu analalamika sawa alikanyaga makala ya moto. Anasemaka inamusaidia asilale ku barabara. Nikauliza Kasoki, na wewe, inakusaidia nini? Akasema inafukuza panya. Tulicheka mupaka mafuta ikamwangika.

24/9

Nyiransengimana amekuya asubui na habari. Huyu ni jirani yangu, ulimi yake na yangu zilizaliwa siku moja. Habari ilikuwa ya bwana ya muntu fulani na bibi ya muntu fulani, pa kisima. Sitaandika majina juu Madame anaweza kukosa kuhesabu akasoma. Ilikuwa habari tamu. Nilisahau sufuria ku moto, maharagi ikaungua.

Nzabandora amekula ile maharagi ya kuungua bila kusema kintu. Nzabandora ni bwana yangu. Zamani alikuwa anasema kidogo. Tangu muaka jana hasemi kabisa. Muaka jana, mwezi ya ine, mutoto wetu Tuyishime alikuwa nachimba kule Omate, shimo ikamufunika yeye na benzake wawili. Habari ilitufikia kisha siku kumi na mbili. Walikuwa wamesha muzika kule kule. Hatukuona ata kiatu.

Tuliweka kilio hapa ku nyumba siku tatu. Mi nililia, nilianguka chini, bamama banne bakanishika. Nzabandora alikuwa nabeba viti. Kila muntu mwenye kufika alimupatia kiti na kumuambia karibu. Batu bakasema, huyu njo mwanaume. Nilisikia nikajivuna.

Imetosha. Biki inanichafua vidole.

2/10

Maharagi imetoka ku udongo, majani mbili mbili.

Nzabandora amepeleka simu kusharje.

3/10

Nzabandora amepeleka simu kusharje.

5/10

Tena. Simu yetu ni ile ndogo ya tochi. Inakalaka siku tano bila kuzimika, na anayetuitaka ni Emérita peke yake, wa Goma, siku ya yenga kisha misa. Mi njo nafungaka simu mu leso, leso mu sashe, juu ya mvua. Nilimufungia bila kuuliza. Ata mi, Mukandori, sikuuliza.

9/10

Leo Nyiransengimana amekuya, akakaa, akakubali bugari, akasifu sombe yangu ya majani ya muhogo. Pale nikajua iko na kitu mubaya. Huyu hasifu sombe ya muntu.

Alizunguka, alizunguka, kisha akasema, "Dada, mi sisemi. Lakini bwana yako, kila saa kumi iko kwa Kasoki. Na Kasoki anatosha batu wote inje, anafunga nusu ya mulango. Valentin iko Walikale."

Nilisema asante. Nilimuongezea sombe. Kisha akaenda, na niliona vile anatembea, haraka haraka, sawa mi natembeaka pale niko na habari. Muaka makumi mbili napeleka habari za nyumba za batu. Sikujua nyumba yangu nayo inaweza kubebwa hivi.

10/10

Sikulala muzuri. Mvua.

11/10, kazi ine

Nimepata akili. Leo pale namufungia simu, nimetosha batri. Nimeiweka mu kikwembe, hapa ku kiuno, nikafunga simu mutupu mu leso, leso mu sashe, nikamupatia. Akaenda.

Alirudi saa kumi na mbili, viatu imejaa matope, macho nyekundu. Nikauliza na sauti ya asali, simu imejala?

Akasema, "Imejala kabisa."

Basi. Batri ilikuwa inanichoma ku kiuno sawa makala ya moto. Nilimupatia chakula. Muntu anayesema simu bila batri imejala, huyo hana tena mahali ya kujificha.

12/10

Nimerudisha batri mahali yake. Sikuambia Nyiransengimana. Nilikuwa na haya. Sikujuaka haya iko na ladha gani, ni sawa chumvi mingi.

Maharagi inapanda ku miti.

16/10, kazi mbili

Hii page na yenye kufuata nitaibandika pamoja na bugari ya mayi. Madame atahesabu moja.

Mvua ilianza saa tisa. Nzabandora alikamata simu yake, kofia yake, akaenda. Nikahesabu mia moja, nikafunika kichwa na sashe ya mbolea, nikamufuata. Nilipita nyuma ya butike, kwenye Kasoki anawekaka mifuko mutupu ya chumvi. Ukuta ni ya mbao, iko na nafasi ya kidole. Nilikuwa nimesha tayarisha maneno. Nilikuwa na maneno ya kutosha kwa Kasoki, kwa Nzabandora, na ingine ya Valentin siku atarudi.

Kitu ya kwanza nimeona: Kasoki haiko ndani. Iko inje, chini ya mabati, anachagua maharagi mu lungo, mugongo ku mulango. Batu wa masimu hakuna. Ndani iko Nzabandora peke yake, amekaa ku sanduku ya sabuni katikati ya zile bafle mbili, kofia ku magoti, sawa mutoto mwenye kungojea chanjo.

Wimbo ikaanza. Ni wimbo ya ile kundi ya kelele, ile ya nywele murefu. Nilisha isikia mara mingi, lakini sikuisikilizaka, juu kila mara inapita mi niko nasema. Kumbe mwanzo yake ni gitari moja tu, pole pole, sawa muntu anatembea bila viatu mu nyumba yenye mugonjwa analala. Kisha ule muzungu, mwenye kupigaka makelele, leo anaimba chini, sauti ya muntu anayeomba mayi na ana haya ya kuomba. Sijue anasema nini. Nywele ya mikono yangu ilisimama. Nikafikiri ni baridi.

Halafu magitari yote ikapanda mara moja. Ngoma ikaingia. Mikebe ya tomati ikatetemeka, mbao yenye nilishika ikatetemeka mu vidole vyangu, na ule muntu akaacha haya yake, akalia kwa nguvu yote. Njo pale nikaona mabega ya bwana yangu. Zilikuwa zinaruka. Kinywa yake ilikuwa wazi, wazi kabisa. Alikuwa analia na sauti, na mi, mwenye kusikiaka chungu ikipasuka ku kilima ingine, sikusikia kintu.

Kisha magitari ikashuka, ikabaki ile moja ya pole pole. Nzabandora akapanguza uso na kofia, akavaa kofia, akatoka. Akamuambia Kasoki asante mama. Kasoki akajibu karibu papa, bila kugeuka.

Nilibaki pale, maneno yote mu kinywa. Kasoki akasema, bila kuinua kichwa, "Mama Emérita, ingia. Unaloana."

Aliniona tangu mwanzo. Akanipa kitambaa. Nikamuuliza iko anafanya hivi tangu lini.

"Tangu mwanzo ya mwezi hii. Alileta simu, ile wimbo ikapita, akasimama na simu mu mukono. Akaniuliza huyu muntu amefiwa na nani. Nikamuambia, papa, ata Valentin hajue, ni luga ya mbali. Akasema, basi inaweza kuwa mutoto. Kesho yake akarudi, akaniomba niongeze sauti."

"Na unatosha batu?"

"Natosha batu. Nachagua maharagi. Hii maharagi nimesha ichagua mara makumi mbili, mama, haina tena ata jiwe."

Nilitaka kucheka, ikatoka kitu ingine. Kasoki akanishika mukono na kusema, "Dada, nakuomba kitu moja. Usiambie muntu. Najua ni kukuomba mingi."

Ku njia nilikuta batu watatu. Niliwasalimia. Ni hivyo tu, niliwasalimia, nikapita.

17/10

Nyiransengimana ameniuliza. Nimesema meno inaniuma, siwezi kusema.

18/10

Meno.

19/10

Meno. Ameniletea majani ya kutafuna. Ni chungu. Nimetafuna.

21/10, siku ya yenga

Ku misa, koro imeimba ile wimbo inasemaka usilie, mutoto wako iko pa muzuri. Mi nimeimba na nguvu. Halafu nikaangalia mikono ya Nzabandora. Ilikuwa inashika benchi sawa benchi inataka kukimbia.

2/11, siku ya kukumbuka wafu

Hatuna kaburi ya kupalilia. Wengine walienda ku makaburi na majembe na maua, sisi tulienda ku shamba, tukapalilia maharagi. Mbele ya saa sita nikachoka kunyamaza. Nikamuambia, bila kumuangalia, siku ile ya kazi ine simu haikukuwa na batri.

Aliacha jembe. Akafikiri. Kisha akaanza kucheka. Muaka moja na nusu sikusikia ile kicheko. Alicheka mupaka akakaa chini mu maharagi, akauliza, "Na mi nikakuambia imejala?"

"Imejala kabisa," nikasema.

Tulipomaliza kucheka ilikuwa rahisi. Nikamuambia nilikuona. Hakukasirika. Alipalilia mustari muzima, kisha akasema maneno mingi kuliko ya muaka yote, na ninaiandika vile alisema:

"Nyimbo ya kanisa inaniambia nyamaza. Rumba inaniambia njoo tucheze. Hii hainiambii kintu. Inakaa tu pembeni yangu. Na pale gitari inapandaka, muntu haezi kunisikia. Ata mi mwenyewe sijisikie. Ku kilio ya mutoto mi nilibeba viti, Mukandori."

Nikauliza, kwa nini hapa ku nyumba hapana? Akaangalia udongo, karibu acheke tena. Akasema, "Ku nyumba iko wewe."

Nilicheka. Kisha sikucheka. Iko sawa, iko mi. Kama angelia hapa siku ya kazi moja, kazi mbili Kitchanga inajua ni machozi ngapi. Bwana yangu alitembea mu matope kila siku kutafuta mahali kinywa yangu haifike.

3/11

Maharagi inatoa maua, nyeupe.

14/11

Masasi ku kilima ya ngambo tangu asubui, iko mbali. Tulifunga mizigo, tukaifungua. Banasema chini kule Goma mambo haiko muzuri. Emérita amepiga simu, iko muzima, batoto beko bazima.

Saa kumi grupe ya Kasoki ililia sawa kila siku. Nzabandora alienda. Nimemufungia simu mu leso, na batri yake ndani, tukaangaliana.

22/11

Valentin amerudi bila Fuso. Bale wa pori, wenye bunduki, bamemusimamisha, bakakamata gari na bintu yote, bakamuacha na shati. Nilienda kumupa pole, nikapeleka sombe. Wanarudi kwao Butembo, yeye, Kasoki, grupe, bafle, yote. Wanangojea tu gari.

Nyiransengimana alifurahi kidogo. Alisema sasa utapumzika, dada. Nilimuangalia nikawaza ni vile na mi nilikuwa.

23/11

Nzabandora alibaki kwa Kasoki mupaka wimbo ikapita mara tatu.

26/11, kazi moja

Wameenda. Asubui mapema, mvua kidogo, bafle zimefunikwa na shiti sawa wagonjwa. Kasoki aliniita pembeni, akanipa karadio kadogo, kale kanaingiaka karte ya nyimbo, kanaenea mu mukono. Akasema ile wimbo iko mule, na ingine hakuna. Valentin akasema na yeye anaipenda ile, wakati njia ni murefu na anafikiri mama yake, lakini hasemi kwa wenzake madereva, bangemucheka. Kumbe. Mwanaume mukubwa vile.

Nililia pa njia-panda mbele ya batu yote. Nyiransengimana alishangaa kabisa. Mi kumulilia Kasoki.

27/11

Saa kumi tuliweka karadio ku dirisha, tukakaa. Gitari ya pole pole ilikuwa muzuri, ata nilisikia pumzi ya ule muntu. Lakini pale magitari inapanda, kale karadio kakalia sawa mbu mu chupa. Nzabandora alingojea, kinywa ilianza kufunguka, kisha akaona ukuta ile pale, akasikia Nyiransengimana anakohoa ngambo ya lupango ya miti, kuku inje. Akafunga kinywa. Akasema, ni muzuri, asante. Akaenda kukata nyasi ya mbuzi.

28/11

Tena vile. Ametoka mbele wimbo imalizike.

30/11

Hakukuya kukaa. Karadio kaliimba peke yake.

4/12

Mvua. Maharagi inaanza kukauka chini. Nzabandora anarudi kubeba bintu bila kuombwa, kuni, mayi, ata kiti anahamisha bila sababu. Najua sasa nini maana ya viti.

8/12, siku ya posho

Nilikuwa natwanga sombe inje, karibu saa kumi. Karadio kalikuwa ku dirisha, nilikawasha mi mwenyewe, juu sikutaka kale kakae bure. Nzabandora alikuwa ndani, anafunga kamba ya jembe. Kule kwa gitari ya pole pole nilitwanga pole pole, bila kufikiria, mukono inafuata tu. Kisha nikajua saa ya kupanda inafika. Nimesha jua ile wimbo sawa njia ya kisima.

Basi nikainua mutwangio juu kabisa, nikapiga kinu. Nikapiga tena. Nikaanza kugombeza kuku, na sauti yenye Mungu alinipa, ile yenye baba alisemaka inaharibu maziwa. Nikaita kuku wezi, nikaita mbuzi mulevi, nikamuuliza jogoo alikuwa wapi usiku, nikamutukana na babu yake. Mutwangio inapiga, mi napiga makelele, sombe inaruka ku nguo. Nyiransengimana akatokea ku lupango, akafungua kinywa, sikumusikia. Sikusikia kintu mu nyumba. Sikusikia kabisa.

Pale magitari ilishuka, na mi nikashuka. Nikatwanga pole pole.

Nzabandora alitoka, uso imeloana, kofia mu mukono. Akaangalia ile sombe yote chini. Akakamata fagio.

9/12, siku ya yenga

Saa kumi nimeweka kinu karibu na dirisha. Sombe haikukuwa. Nimetwanga mutupu.

13/12

Kila siku. Sauti imeniisha kidogo, Nyiransengimana ananiletea asali. Anaulizaka kuku imenikosea nini. Nasema ni kuku za kichwa nguvu.

19/12, kazi tatu

Tumevuna maharagi. Ni mingi kidogo kuliko ya muaka jana. Kesho napeleka kaye kwa Madame, page makumi tatu na moja, ao makumi tatu kama anahesabu zenye kubandikwa sawa moja.

Leo ku shamba Nzabandora aliniambia ile wimbo ya ule muzungu iko na mahali, karibu na mwisho, inafanana na vile Tuyishime alikuwa anaita ngombe jioni. Sikujua. Nilimuuliza alikuwa anaita namna gani, juu nilisahau. Akaita. Ku kilima ya ngambo, ngombe za batu zikageuza vichwa.

Habari imesha fika Kitchanga, Nyiransengimana aliipeleka: Mukandori wa Burungu amepotewa na akili, kila siku saa kumi anagombana na kuku na kutwanga kinu mutupu. Ku soko banacheka pale napita. Mama moja alinishika mukono akaniuliza pole pole, dada, uko na shida gani ku nyumba?

Nilimuambia hapana shida. Nilimuambia ni kuku tu.